Sarakasi Huanza Ardhini

Malori yaliingia uwanjani usiku, na kulipopambazuka yalikuwa yamepangwa ukingoni mwa nyasi, milango imefungwa. Hakuna aliyekuwa amegusa turubai. Mzee mmoja wa Kizungu aliyevaa buti za mpira alikuwa akiutembea uwanja peke yake: anasimama, anakanyaga kwa kisigino, anainama kushika nyasi, anaendelea. Mkononi alikuwa na tepu ndefu ya kupimia na kopo la rangi. Aliirudia njia ile ile akiwa na kifaa cha kutambua nyaya na mabomba yaliyofukiwa, maana vigingi vya hema huingia ardhini kwa kina, na kigingi kikichoma waya wa umeme chaweza kuua mtu kabla haijauzwa tiketi hata moja. Jua lilipopanda kidogo akapiga alama nyeupe katikati ya uwanja. Kila kitu kingepimwa kutoka hapo: nguzo, duara la kuchezea, viti, mlango, hata kibanda cha kuuzia bisi.

Hapo ni Norwich, mashariki mwa Uingereza, mwezi wa Mei. Nilikuwa nimekuja kukaa kwa dada yangu, muuguzi, na ndiye aliyeniambia kuhusu bango lililobandikwa dirishani kwa kinyozi: vijana weusi wamepandana mabegani, wanacheka, na chini yao limeandikwa jina la Kenya. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Nimekua nikiwaona vijana wa namna hiyo wakijirusha jioni kwenye mchanga wa Bamburi, kisha wakiingia hotelini usiku kuwachezea watalii ili wapate nauli ya kurudi Kisauni. Kuwakuta kwenye kioo cha kinyozi wa Norwich kulinitia hamu ya kujua wanaishije huku, wanafanya nini saa ambazo hawachezi, nani anawabeba na wao wanambeba nani. Kwa hiyo nilifika uwanjani asubuhi, siku ambayo hakukuwa na onyesho lolote, nikaomba ruhusa ya kukaa pembeni nitazame hema likisimamishwa.

Kazi hiyo ina utaratibu usiorukwa. Zilianza nguzo kuu nne za chuma, zikainuliwa moja baada ya nyingine kwa winchi na kushikiliwa na nyaya, kisha vilele vyake vikaunganishwa kwa fremu. Ndipo turubai likashushwa kutoka lorini. Si kitambaa cha pamba cha zamani. Ni plastiki nzito iliyotiwa nyuzi, na mahema mengi ya aina hiyo hushonwa Italia. Vipande vilitandazwa juu ya nyasi kuzunguka nguzo, vikafungwa pamoja kwa kamba, kitanzi ndani ya kitanzi, watu wakitambaa kwa magoti. Vigingi vikagongwa kuzunguka duara lote. Mashine ilifanya sehemu kubwa, lakini pale ilipokuwa haifiki walisimama watu wawili wenye nyundo nzito wakipokezana, moja inashuka nyingine inapanda, bila kutazamana, na kigingi kinazama.

Kisha hema likapanda. Hili ningependa kila mtoto wa pwani alione. Kamba zilipita kwenye makapi, winchi zikalia, na lile rundo lililolala nyasini likaanza kujaa upepo na kuinuka kama tanga la jahazi linalopandishwa mlingotini. Watu walikimbia chini yake wakiwa na nguzo za pembeni, wakizisukuma mahali pake kabla upepo haujashika ukingo. Yule mzee wa buti alisimama penye alama yake nyeupe akipaza sauti, na kila aliyekuwa na kamba mkononi alisikiliza sauti hiyo moja. Norfolk, jimbo la Norwich, ni nchi tambarare, na upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna mlima wa kuuzuia. Juu ya hema hufungwa kipima upepo. Ukivuka kiwango ambacho hema limetengenezwa kukihimili, watazamaji hutolewa nje, iwe kuna mtu hewani kwenye bembea au la.

Katikati ya waliokuwa wakisukuma nguzo nilisikia mtu akisema, "Vuta, vuta, usiwachie!" Nikasogea.

"Hujambo, mdogo wangu. Watoka wapi?"

Akageuka, glavu mikononi, matope hadi magotini. "Sijambo, dada. Mtopanga. Na wewe?"

"Majengo."

Alicheka, akawaita wenzake. Wengine walikuwa wa Mombasa, wengine wa Nairobi, wa mitaa ya Eastlands. Ndio wale wale wa kwenye bango. Nilidhani wacheza sarakasi hupumzika hema linapojengwa. Kumbe katika sarakasi ndogo za kifamilia kila mtu ni kibarua. Anayeruka usiku ndiye anayebeba viti asubuhi. Mapumziko ya onyesho yakifika, msichana aliyekuwa akining'inia kwenye kitambaa huvaa koti akauza bisi. Kijana wa Mtopanga aliniambia kwamba miezi yake ya kwanza alilalamika, akiona amesafiri kutoka Kenya kuja kucheza na si kugonga vigingi. "Siku hizi nataka nikigonge mwenyewe," alisema. "Nikikigonga najua kimeingia."

Maneno hayo nilikaa nayo siku zote nilizokuwa Norfolk.

Alasiri wakapanga duara la kuchezea, na hapo nilimwona mzee akipima tena, safari hii kwa makini zaidi. Kipenyo cha duara la sarakasi ni karibu mita 13, na kimekuwa hivyo tangu karne ya 18. Aliyekiweka ni Philip Astley, mwanajeshi wa farasi aliyetoka vitani akaanza kuonyesha ustadi wake London mwaka 1768, upande wa kusini wa mto Thames. Aligundua kwamba farasi akikimbia kwa mzunguko wa kadiri fulani, nguvu inayomvuta mpanda farasi kwenda nje humsaidia kusimama wima juu ya mgongo wa mnyama, mradi aegemee ndani kidogo. Duara likiwa dogo mno farasi hawezi kukimbia. Likiwa kubwa mno msaada ule hupungua. Kwa hiyo kipimo kinachotumika leo hata pale ambapo hakuna farasi kilitokana na kwato zilivyogusa ardhi.

Astley hakuwa na hema. Alichezea uwanja wa wazi, kisha majumba ya mbao. Hema lilikuja baadaye, kutoka Marekani, ambako Joshua Purdy Brown alisimamisha sarakasi yake chini ya turubai huko Wilmington, Delaware, mwaka 1825. Miji ilikuwa imetengana, na kujenga ukumbi wa mbao kwa ajili ya maonyesho ya siku chache kulikuwa gharama isiyorudi. Turubai liliiruhusu sarakasi ifike mahali asubuhi na iondoke usiku.

Norwich ina haki yake katika historia hii, na inanihusu mimi kama Mwafrika. Hapa alizaliwa William Darby, mtoto wa baba mwenye asili ya Afrika. Akiwa mdogo aliwekwa chini ya mwenye sarakasi aitwaye William Batty, akajifunza farasi na kamba, na alipokua akajiita Pablo Fanque. Mwaka 1841 alianzisha sarakasi yake mwenyewe, na ndiye Mwingereza mweusi wa kwanza anayejulikana kuimiliki sarakasi. Fikirieni mwaka huo: Uingereza ilikuwa imeondoa utumwa katika makoloni yake miaka michache tu nyuma, na huyu alikuwa akiajiri Wazungu, akisafiri miji ya kaskazini na farasi wake, akijaza kumbi. Karne moja na zaidi baadaye, John Lennon alinunua bango la zamani la onyesho lake la mwaka 1843 mjini Rochdale, akatunga kutokana nalo wimbo wa Beatles. Watu wengi wanaoufahamu wimbo huo hawajui kwamba mwenye sarakasi anayetajwa alikuwa mtu mweusi wa Norwich. Vijana wa Kenya nao hawakujua. Nilipowasimulia tukiwa tumeketi kwenye viti walivyokuwa wamevifunga wenyewe, mmoja wa Nairobi aliniuliza mara mbili, "Ni yeye mwenyewe alikuwa bosi?"

Ni yeye. Lakini kisa chake kina siku nyeusi. Machi 1848, akiwa Leeds, sehemu ya viti vya jumba la mbao alimokuwa akichezea ilianguka, na mkewe Susannah akafa. Jukwaa lililobeba watu halikuweza kuwabeba. Pablo Fanque alifariki mwaka 1871, akazikwa Leeds penye kaburi la mkewe.

Siku iliyofuata, wakati sarakasi ikingoja mkaguzi wa halmashauri, nilipanda treni kwenda Great Yarmouth. Safari yenyewe ni fupi, kupitia mabwawa na malisho, ng'ombe wamesimama majini, vinu vya upepo vya zamani vimekatika mapanga. Nilitaka kuona Hippodrome, jumba la sarakasi lililojengwa na George Gilbert mwaka 1903, ambalo bado linachezewa. Sakafu ya duara lake hushuka na maji yakajaa, likawa bwawa la kuogelea mbele ya watazamaji. Yamebaki machache sana ya namna hiyo duniani. Ni jengo zuri, nalo lilinifurahisha. Lakini lililonishika Great Yarmouth liko kando ya mto Bure, na halina urembo.

Tarehe 2 Mei 1845 sarakasi ya William Cooke ilikuwa mjini. Ili kuvuta watu, ikatangazwa kwamba mchekeshaji wake ataelea mtoni ndani ya pipa la kuogea linalovutwa na mabata bukini. Ulikuwa mchezo wa bure, nao uliwavutia hasa watoto. Mamia walijaa kwenye daraja lililoning'inizwa kwa minyororo ya chuma. Mchekeshaji alipokaribia, umati ukakimbilia upande mmoja kumwona akipita, na kiungo kimoja cha mnyororo, kilichokuwa kimeunganishwa vibaya, kikakatika. Daraja liliinama upande, na watu 79 wakafa majini, wengi wao watoto. Katika uwanja wa kanisa la St Nicholas kuna jiwe la kaburi la mvulana mmoja lililochongwa picha ya daraja lile likianguka. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Sikumlaumu mchekeshaji, hakuwa hata amegusa daraja. Nilimfikiria fundi aliyekiunga kile kiungo, ambaye huenda alikwenda nyumbani jioni ile akiamini kazi imekamilika, na nilielewa kwa nini mzee wa buti anaukanyaga uwanja kwa kisigino kabla ya kufungua lori.

Niliporudi Norwich jioni hema lilikuwa limewaka taa, na foleni ya familia imefika barabarani. Viti vilijaa. Simba hawapo tena: sheria ya mwaka 2019 ilipiga marufuku wanyama wa porini katika sarakasi zinazosafiri Uingereza, ikaanza kutumika Januari 2020. Sijawahi kuwasikitikia wenye sarakasi kwa hilo. Tembo aliyefungwa mnyororo kwenye lori hakuwa burudani, na sisi tuliokua karibu na Tsavo tunajua tembo anahitaji nchi kiasi gani. Kwa maoni yangu kuondoka kwao kumeurudishia mwili wa binadamu nafasi yake: mwenye mipira, mwenye baiskeli ya gurudumu moja, dada wa kitambaa kule juu.

Kisha ngoma ikabadilika, na vijana wa Kenya wakaingia mbio.

Nimeona sarakasi nyingi za kwetu, katika ukumbi wa Bomas na hotelini, lakini sikuwahi kuziona zikishangiliwa namna hii na watu ambao hawakuwa wakila chakula. Waliruka kamba wakiwa wamekaa kwa makalio. Walipita ndani ya pete kwa kujirusha, mmoja nyuma ya mwingine, hata jicho halikuweza kuwatenga. Walipita chini ya ufito unaowaka moto wakiwa wamejipinda nyuma, kifua kimeelekea juu na mgongo karibu uguse sakafu. Mtoto aliyeketi mbele yangu alikuwa amesimama juu ya mapaja ya babake bila mwenyewe kujua.

Mwisho ukawa mnara wa watu. Kijana wa Mtopanga ndiye aliyesimama chini. Wenzake walimpanda kwenye mapaja, kiunoni, mabegani, wakatanuka kushoto na kulia, na yule mdogo kabisa akapanda juu ya wote akasimama wima akiwa amenyoosha mikono. Hema zima lilimtazama yeye. Mimi nilitazama miguu ya aliye chini. Alikuwa amekunja vidole vya miguu kwenye mkeka. Wakati mzigo ulipohamia kushoto, kisigino chake cha kulia kilisogea kidogo sana, labda upana wa kidole, kikatulia. Macho yake yalikuwa mbele, hayaoni mtu. Jasho lilimdondoka puani na hakulipangusa. Ulikuwa muda mfupi, pengine pumzi nne au tano, lakini katika muda huo uzito wa maisha ya vijana wote wale ulikuwa umesimama juu ya nyayo mbili za mtoto wa Mtopanga, na nyayo zile zilisimama juu ya uwanja uliopimwa na mzee wa buti.

Baadaye nilimuuliza huwa anawaza nini.

"Siwazi, dada. Nasikiliza. Kila mtu ana mzigo wake, naujua, hata nikifumba macho. Akitikisika mmoja mimi nimeshajua ni nani."

"Na juu hutazami?"

"Nikitazama juu nimewaua."

Aliniambia alijifunza kubeba akiwa na miaka 12, kwenye mchanga, kwa wavulana wakubwa waliojifunza kwa wakubwa wao. Hakukuwa na mkeka. Wenzake wa Nairobi walifundishwa katika kumbi za mitaa, na wengine wakapitia Sarakasi Trust pale Ngara, ndani ya jengo lililokuwa sinema ya Shan. Tanzania ilitangulia kwa njia nyingine: miaka ya 1960 vijana wake walipelekwa China kusomea sarakasi, wakarudi na kuunda kikundi cha taifa, na chuo cha sanaa cha Bagamoyo kikaendelea kufundisha. Hii ni elimu kamili, yenye walimu na wanafunzi na makosa yanayovunja mfupa. Inaniuma kwamba nyumbani bado tunawaita vijana hawa wavivu waliokataa shule, tunawaacha wafanye mazoezi kwenye saruji tupu, kisha tunawasahau wakishavunjika goti. Sarakasi za Ulaya zinajua thamani yao. Zinawatumia mikataba na barua za viza. Sisi tuliowazaa tunawatupia sarafu ufukweni.

Jumapili onyesho la mwisho liliisha alasiri. Watu wa mwisho hawajafika langoni na tayari kuta za hema zilikuwa zinashushwa. Vijana walitoka nyuma wamevaa glavu, mmoja bado ana rangi ya dhahabu usoni. Viti vilikunjwa na kuingia lorini kwa mpangilio ule ule, ili kitakachohitajika kwanza kesho kiwe karibu na mlango. Turubai likateremka, hewa ikatoka ikivuma, watu wakatembea juu yake kuisukuma nje. Mashine ikang'oa vigingi, na nyuma yake mtu mwenye toroli la mchanga akaziba tundu moja moja, kwa kuwa halmashauri hudai uwanja urudishwe ulivyokuwa.

Kijana wa Mtopanga alinifuata akiwa na simu.

"Dada, warudi lini Mombasa?"

"Mwezi ujao, inshallah."

"Basi nikuombe jambo. Najenga."

Akanionyesha picha. Kiwanja, mtaro, mawe, wanaume wawili wenye makoleo. Nduguye ndiye msimamizi, na fundi amesema msingi umekwisha, anataka pesa za kuta. Nilipitisha picha zote kwa kidole. Zilikuwa nyingi, na zote zilipigwa kutoka pembe moja.

"Umeona?" akasema. "Nami naona. Tulikubaliana futi tatu kwenda chini. Simtilii shaka ndugu yangu, lakini yeye hajui ujenzi, anaonyeshwa pembe hiyo hiyo. Nenda na tepu, dada. Waambie wakuchimbulie kila kona. Wakikataa, nipigie hapo hapo, hata kama niko ndani ya onyesho nitakuona baadaye, lakini wasiinue ukuta."

Mzee wa buti alikuwa akiita watu wa kukunja turubai. Kijana akavaa glavu zake, akanishika bega, akaenda mbio. Nikafungua daftari, nikaandika namba ya nduguye, jina la mtaa, na chini yake: futi tatu, pembe zote nne.